Bei Iliyonyamaza

Jumatatu ya kwanza ya mwezi nafunga meza mapema.
Nyanya zilizobaki namwachia Mwantumu wa vitunguu,
nanawa kwa ndimu hadi harufu ya Mabibo itoke kwenye kucha,
kisha bajaji, kisha Masaki,
kisha ule mlango wa kioo unaojifungua wenyewe
kama mwenyeji aliyekuwa akichungulia dirishani.

Baridi hunipokea kabla ya mlinzi.
Jua lote limebaki nje, linahema kwenye lami,
na jasho linanikauka mgongoni taratibu,
kama mtu ananivua nguo iliyolowa
bila kuniuliza jina.

Nachukua toroli. Gurudumu moja halisikii,
linavuta kushoto, kwenye mikate,
nami sibishani nalo: twende.
Mikate ya mbegu, mikate mirefu kama mkono wa kanzu,
mikate myeusi, mizito, niliyoipima kiganjani
nikakadiria: robo tatu na kidogo.
Jicho la muuzaji halina likizo.

Sasa nisikilize, maana wengi hudhani nafuata vitu.
Tangu alfajiri hadi adhuhuri mimi ni mdomo.
"Mama, punguza." "Dada, niongeze moja."
"Hizi mbona laini?" "Jana fungu uliniuzia mia tano!"
Naapa, nacheka, nanuna, naongeza moja,
mteja anaondoka, namwita, anarudi, tunaanza upya.
Hapa bei imebandikwa kwenye ukingo wa rafu
na imenyamaza.
Hainiiti mama. Hainiambii leo mzigo haukuingia.
Ghali, ndiyo, ghali ya kushika tama,
lakini ughali wake hauna kelele,
nami nasimama mbele yake, mdomo nimefumba,
kama aliyeng'olewa jino jana
na leo ndiyo anagundua halimuumi.

Jibini zina kabati lao.
Ipo yenye mashimo, ipo yenye ukungu wa samawati;
kwetu ingetupwa, hapa imewashiwa taa.
Kijana wa kaunta, jina lake kifuani, Deusdedit,
hunikatia kipande cha kuonja kwenye kijiti
na hajawahi kuniuliza kama nitanunua.

Mwezi huu nikazikuta nyanya.
Sita, kwenye kisahani cheupe, zimefunikwa nailoni,
kwa bei ya mafungu yangu manne.
Nikazitazama kama anayemkuta mtoto wa jirani
kwenye harusi ya wakubwa, kavishwa viatu.
Pengine lori lilikuwa moja, la Ilula.
Nikazisalimu. Hazikuitika.
Haya.

Toroli hujaa, silinyimi kitu:
chokoleti, asali ya nchi za theluji,
sabuni inayonukia chumba cha hoteli,
biskuti za kopo lenye picha ya farasi.
Nalizungusha duka zima, kifua mbele,
halafu naanza kurudisha.
Kila kitu mahali pake, maandishi yatazame mbele,
maana naujua uchungu wa meza iliyovurugwa
na mtu aliyebinya nyanya zote
akaondoka na pilipili moja.

Kilichosalia safari hii ni kichupa cha zeituni,
nyeusi, zinang'aa, kwa macho ni zambarau tupu.
Dada wa malipo akakitia kwenye mfuko wa karatasi
kwa mikono miwili, utadhani kizito.
Nje, kwenye ukingo wa maegesho, sikusubiri.
Nikautega ulimi kwa utamu wa zambarau.

Chumvi!
Chumvi na uchungu, na kokwa katikati
kama jibu la mkato.
Nikatema, nikacheka peke yangu, mlinzi akageuka.
Nikala ya pili kuhakikisha.
Ya tano tulikuwa tumeshazoeana.

"Mabibo elfu kumi, mama," akasema wa bajaji.
Nikafunga kichupa, nikapangusa midomo,
nikamtazama kuanzia matairi hadi turubai.
"Elfu kumi? Kwani unanipeleka Morogoro?"